Uteule wa Mungu na Hiari ya Mtu



Kijana akiuawa katika wizi wa ng'ombe, huku kwetu Nyambureti husemwa kaburini: "Ndivyo Mungu alivyompangia." Je, Mungu hupanga wizi?

Swali hili ni la kale, na Afrika yetu ililijadili kwa ukali. Pelagio alifundisha kwamba mtu aweza kuwa mwema kwa nguvu zake mwenyewe. Augustino, askofu wa Hippo, akampinga, na Mtaguso wa Kartago wa mwaka 418 ukayakataa mafundisho hayo. Neema hutangulia. Lakini Mtaguso wa Orange, mwaka 529, ulilaani wazo kwamba Mungu humwandikia mtu uovu. Namna neema inavyoshikana na hiari, Wadominiko na Wayesuiti walibishana hadi mwaka 1607, Papa Paulo V alipofunga mjadala pasipo kuamua. Twaona alitenda kwa busara.

Mtazameni Mbaga Tuzinde wa Uganda, aliyebatizwa na Karoli Lwanga siku chache kabla ya kufa. Mlezi wake, Mukajanga, ndiye aliyekuwa mkuu wa wauaji wa mfalme. Alimsihi aikane dini, hata akataka kumficha. Mbaga alikataa. Tarehe 3 Juni 1886, huko Namugongo, alipigwa shingoni akafa, ndipo mwili wake ukachomwa moto pamoja na wenzake.

Wengine hutuuliza kama Mukajanga naye aliandikiwa kuua. Huyo alimbembeleza kijana kwanza. Kisha akatoa amri.