Habari za Simu Ofisini Kwetu Manzese

Wenzangu katika kijitabu hiki wameeleza habari za hisa na za mazao. Mimi nimepewa habari za simu, na hasa za lile sanduku la sauti lililotutia aibu kabla ya kutufaa.

Hapo kale mtu akitaja simu, alikuwa na maana ya simu ya maandishi. Waya wa baharini ulifika Unguja mwaka 1879, na mwaka 1890 ukavushwa hadi Bagamoyo na Dar es Salaam. Mwenyewe asipokuwapo, karatasi yake ilimngoja. Simu ya mdomo ilipokuja, ilikuja na upungufu: asipokuwapo wa kuipokea, maneno huenda na upepo. Kwa ajili hiyo Valdemar Poulsen, Mdenmaki, aliunda mwaka 1898 chombo cha kunasa sauti kwa sumaku juu ya waya wa chuma. Mwaka 1979 Gordon Matthews wa Marekani akaomba hataza ya mtambo wa kumpa kila mtu wa ofisini sanduku lake la sauti.

Mtambo wa namna hiyo tuliuweka nasi, kwani kelele za Barabara ya Morogoro hazimpi karani nafasi ya kusikia vema. Fundi alituuliza, "Ujumbe upelekwe kwa nani?" Tukajibu, "Ofisini." Basi kila neno likaingia sanduku moja, na taa ikawa ikimetameta juu ya meza ya mtu aliyekuwa likizoni.

Mzee mmoja wa Kibamba alipiga simu kusema matenga yake ya nyanya yako tayari, gari lije kesho. Gari halikwenda, nyanya zikaoza. Mbele ya halmashauri aliambiwa kwamba hakutoa habari. Naye akaomba sanduku lifunguliwe. Tukaisikia sauti yake, ikitaja jina, hesabu ya matenga na siku. Hakuna aliyesema neno kwa kitambo. Alilipwa fidia, naye aliistahili.

Ndipo fundi akaitwa tena, na safari hii tulikaa naye mchana kutwa. Ujumbe wa mazao sasa huipigia simu ya mkononi ya bwana mazao. Usiposikilizwa kwa nusu saa, huja kwangu, hata usiku (mke wangu ana maoni yake juu ya jambo hili). Wa hesabu hupelekwa kwa barua pepe, sauti yenyewe ikiwa ndani yake, ili mhasibu auweke pamoja na hati zake. Wa mikopo hautoki sandukuni, na hausikiki pasipo namba ya siri, kwa maana deni la mtu si habari ya kusikika ndani ya daladala. Mengineyo hungoja, na taa imehamishiwa mapokezi.

Yule mzee angali akitupigia. Akiisha kutaja matenga yake, huuliza mtambo, "Na leo atakayesikia ni nani?" Nami humpigia mwenyewe kumjibu.