Hofu ya Mahakama Inaongeza Kiasi Gani Kwenye Bili ya Hospitali?

Mei 1975, madaktari wa nusu kaputi kaskazini mwa California, Marekani, waligoma. Operesheni zisizo za dharura zikaahirishwa. Hawakuwa wanadai mishahara. Kilichowakera ni ada ya bima, ile inayomlinda daktari akishtakiwa kwa uzembe. Ilikuwa imepanda ghafla mno.

Mwaka huohuo gavana Jerry Brown akasaini sheria iitwayo MICRA. Gharama za matibabu na kipato kilichopotea viliendelea kulipwa bila kikomo, lakini fidia ya maumivu na mateso isizidi dola 250,000. Hoja ilikuwa rahisi: kesi zikiwa nafuu, bima itashuka, na matibabu nayo yatashuka.

Je, yalishuka? Hapa inabidi tuelewe kwanza gharama inapita wapi. Kuna ada ya bima, kuna mawakili na fidia, halafu kuna ile isiyoonekana: daktari anaagiza kipimo ambacho mgonjwa hakihitaji, ili kesho akiulizwa mahakamani awe na karatasi mkononi. Tuiite tiba ya kujihami.

Mwaka 1996, Daniel Kessler na Mark McClellan waliangalia wazee wenye maradhi ya moyo. Kwenye majimbo yaliyobana kesi, gharama za hospitali zilipungua kwa asilimia 5 hadi 9, na hali za wagonjwa hazikuwa mbaya zaidi. Matumaini yakapanda. Texas nayo ikaweka kikomo mwaka 2003. Kesi zilipungua kweli, ila watafiti walipochungulia matumizi ya Medicare, bima ya serikali kwa wazee, hawakuona punguzo lililoahidiwa.

Makadirio yaliyochapishwa 2010 yanasaidia kueleza. Mfumo mzima wa kesi za uzembe uligharimu kama dola bilioni 55.6 mwaka 2008, na zaidi ya bilioni 45 kati ya hizo ni tiba ya kujihami. Ni hela nyingi, lakini ni asilimia 2.4 tu ya matumizi yote ya afya Marekani. Hata ukifuta kesi zote, bili haiporomoki.

Sasa, nani alilipia kikomo kile? Dola 250,000 za 1975 hazikuguswa hadi sheria ilipobadilishwa 2022, wakati thamani yake ingekuwa zaidi ya milioni moja. Mtoto au bibi kizee hana mshahara wa kudai, kwa hiyo fidia yake kubwa ni ya maumivu. Wakili anayelipwa kwa asilimia ya fidia akipiga hesabu, anaona kesi hailipi, anaikataa. Na tayari utafiti wa Harvard kuhusu hospitali za New York mwaka 1984 ulionyesha kwamba chini ya watu 2 kati ya 100 walioumizwa kwa uzembe ndio waliodai chochote.

Kosa la daktari lina gharama, iwe kuna kesi au hakuna. Sheria ikiiondoa kwenye vitabu vya kampuni ya bima, mara nyingi inahamia nyumbani kwa aliyeumizwa. Huko hakuna anayeihesabu.