Dopamini, tarishi wa ubongo

Pikapu za miraa hushuka kutoka Maua kuelekea Nairobi kwa kasi ya kutisha, na chanzo cha haraka hiyo ni kemia. Kijiti kinapochumwa huwa na kathinoni, kemikali iliyotambuliwa mwaka 1975 katika maabara ya Umoja wa Mataifa. Kikinyauka, kathinoni hugeuka kuwa kathini, ambayo ni dhaifu, na baada ya siku mbili hivi nguvu nyingi imekwisha. Ndiyo sababu vifurushi vya Igembe, huko Meru, hufungwa kwa majani ya mgomba, unyevu usipotee. Muguka wa Mbeere, huko Embu, ni mmea uleule; tofauti ni kwamba watu wa Embu hutafuna majani, na wa Meru huchuna ganda la vijiti.

Kazi ya kathinoni kichwani huelezwa siku hizi kwa sentensi moja: inaongeza dopamini, homoni ya furaha. Jina hilo limeenea mno, nami naona linapotosha. Homoni hutolewa na tezi, ikasafirishwa na damu hadi kiungo cha mbali. Dopamini tunayoizungumzia hapa hutolewa kwenye ncha ya seli moja ya neva, ikavuka mwanya mdogo sana, ikanasa kwenye vipokezi vya seli jirani. Vitabu huiita nyurotransmita. Mimi napendekeza tarishi wa neva, kwa sababu tarishi wa ofisini hupeleka barua bila kuiandika, na maana ya barua hutegemea mlango uliofunguliwa. Noradrenalini, serotonini na asetilikolini nazo ni matarishi.

Hiyo "furaha" ina kasoro kubwa zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Arvid Carlsson wa Uswidi aliwapa sungura dawa iliyomaliza akiba ya matarishi hawa ubongoni, wakaganda pale walipo. Alipowadunga kemikali ambayo mwili huigeuza kuwa dopamini, wakaanza tena kutembea. Utafiti huo ulifungua njia ya kutibu ugonjwa wa Parkinson, naye akapata Tuzo ya Nobel mwaka 2000. Tarishi yuleyule, mlango mwingine: hapo habari ilikuwa ya mwendo.

Mlango unaonivutia zaidi uko kwenye hipokampasi, sehemu iliyojikunja ndani ya ubongo, usawa wa masikio, moja kila upande. Mwaka 1953 Mmarekani mmoja alikatwa sehemu hiyo pande zote mbili ili kutuliza kifafa chake. Tangu hapo hakuweza kuhifadhi tukio jipya, ingawa ya utotoni aliyakumbuka. Hipokampasi ndiyo inayoandika, na dopamini huipa agizo: hili litunze. Watafiti wa Edinburgh na wenzao walionyesha mwaka 2016 kwamba panya aliyejifunza mahali chakula kilipofichwa hukumbuka kwa muda mrefu zaidi akipitishwa punde baadaye mahali pageni kwake. Ugeni huo uliamsha seli za doa la buluu, fungu dogo la neva kwenye shina la ubongo. Seli hizo zilijulikana kwa noradrenalini. Ikabainika kwamba hupeleka pia dopamini hadi hipokampasi. Ndivyo siku ya kwanza bwenini inavyoweza kukaa kichwani miaka arobaini, hata harufu ya uji wake.

Sasa turudi kwa mtafunaji. Kathinoni huingia kwenye ncha za neva na kuwatoa nje matarishi, hasa dopamini na noradrenalini, kisha huzuia wasirudishwe haraka. Ubongo hupokea agizo la "hili ni kubwa" wakati hakuna kubwa lililotokea. Hapo ndipo handasi, yaani msisimko wa miraa, huanza: maneno hutiririka, kila mpango unaonekana unawezekana, usingizi unakimbia. Wazee wa Meru waliitumia hali hiyo katika vikao virefu vya usiku, kwa kiasi na kwa masharti ya umri.

Mwanafunzi anayetafuna muguka akeshe na vitabu yuko mahali pengine kabisa. Anapata saa za kukesha, lakini anaukosa usingizi, nao ndio wakati hipokampasi hurudia mambo ya mchana na kuyaimarisha. Watafiti wa Leiden, Uholanzi, walipowapima mwaka 2011 watu wazoefu wa miraa, waliwakuta nyuma ya wasiotumia katika kushika na kubadilisha taarifa kichwani kwa muda mfupi.

Mei 2024, Mombasa na Kilifi zilipopiga marufuku muguka na viongozi wa Embu kupaza sauti kwa ajili ya wakulima, pande zote zilitaja mapato, vijana na sheria. Tarishi hakutajwa sana. Mzazi wa Likoni na mkulima wa Siakago wote wanastahili kuelezwa kwa Kiswahili kwamba jani hili halitengenezi furaha: linawakurupusha matarishi ambao ubongo ulikuwa umewaweka kwa kazi yake yenyewe, na kesho yake, akiba ikiwa imepungua, mtu huamka mzito na mwenye hasira, akitafuta jani jingine.