Ulimwengu pepe wa pamoja
Ulimwengu pepe wa pamoja ni mandhari ya kompyuta ambamo watu walio kwenye mashine mbalimbali hukutana kupitia mtandao. Kila mashine huchora nakala yake. Seva hupokea mabadiliko tu, tuseme tofali lililoondolewa, na kuwasambazia wengine. Mtandao ukijikokota, wawili waliosimama pahali pamoja huona mambo tofauti, na hilo ndilo tatizo sugu la mifumo hii.

Jijini Nairobi, UN-Habitat, shirika la Umoja wa Mataifa la makazi lenye makao Gigiri, lilianzisha mwaka 2012 mradi wa Block by Block unaotumia mchezo wa Minecraft, ulimwengu pepe wa aina hii, kupanga maeneo ya umma. Katika mtaa wa Kibera jijini humo, kilipo kijiji cha Silanga, uwanja wa michezo wa Silanga ulisanifiwa ndani ya Minecraft kwa michemraba ya mita moja. Kuuona ulimwengu huo, miwani maalumu haihitajiki. Skrini ya kawaida inatosha.