Dola, Jimbo na Neno Lililoachwa

Katika kazi ya kusanifu istilahi za siasa tumeulizwa mara nyingi jina linalozifaa zile nchi 13 zilizojitenga na Uingereza mwaka 1776. Mazoea ni kuziita "majimbo". Hatulikatai neno hilo, maana limekwisha kuzoeleka. Lakini kwetu lina historia nyingine. Jimbo la Tanganyika ya kikoloni lilikatwa na serikali kuu, na mkuu wake aliwekwa kutoka juu. Virginia na wenziwe hawakukatwa na serikali kuu yoyote iliyowaunganisha. Walikuwa na mabunge na katiba zao kabla ya serikali hiyo kuundwa. Zilikuwa dola.

Kwa sababu hiyo Mkataba wa Shirikisho, uliopitishwa na Kongresi mwaka 1777 na kuanza kutumika Machi 1, 1781, uliiachia kila dola mamlaka yote isipokuwa yale yaliyokabidhiwa "bayana" kwa Kongresi. Kongresi haikuweza kutoza kodi. Iliomba fedha kama watu waombavyo mchango wa arusi, na kila dola ikatoa ipendavyo, huku askari waliopigana vita wakidai mishahara yao. Ukaletwa mpango wa ushuru wa asilimia 5 juu ya bidhaa za kigeni. Mwaka 1782 Rhode Island, iliyo ndogo kuliko zote, ikaukataa; na kwa kuwa badiliko lolote la Mkataba lilihitaji ridhaa ya dola zote 13, mpango ukafa.

Katiba iliyotungwa Philadelphia mwaka 1787 iliipa serikali kuu uwezo wa kutoza kodi na kusimamia biashara baina ya dola. Dola nazo zilipata Seneti, ambamo kila moja, kubwa kwa ndogo, ilikuwa na wajumbe 2, na hadi mwaka 1913 wajumbe hao walichaguliwa na mabunge ya dola zenyewe.

Lakini kwa msanifu wa istilahi jambo kubwa zaidi lilitokea mwaka 1789. Kongresi mpya ilipojadili Marekebisho ya Kumi, yanayohifadhi mamlaka ya dola, Thomas Tudor Tucker wa South Carolina alitaka neno "bayana" lirudishwe. James Madison akapinga, akisema kwamba serikali haiwezi kufungwa na mamlaka yaliyotajwa moja moja tu. Lazima yawepo mengine yanayoeleweka bila kutajwa. Tucker akashindwa. Miaka 30 baadaye, mwaka 1819, Maryland ilipoitoza kodi benki iliyoundwa na Kongresi, Jaji Mkuu John Marshall alilitumia pengo hilohilo: Katiba haikutaja benki, lakini haikusema "bayana" pia. Benki ikabaki, kodi ikabatilishwa.

Kwa hiyo tunapendekeza "dola" kwa miaka 1776 hadi 1789, na "jimbo" baada ya hapo, ingawa baadhi ya wenzetu bado hawajaridhika na mpaka huo. Mfasiri wa Marekebisho ya Kumi naye ajihadhari. Akitia "bayana" kwa ajili ya ufasaha tu, atakuwa amempa Tucker ushindi alioukosa.