Opsheni za jozi: Anayeanza ahatarishe kiasi gani?

OPSHENI ni mkataba unaompa mnunuzi haki, wala si wajibu, ya kununua au kuuza hisa kwa bei maalumu kabla ya muda kuisha. Soko rasmi la mikataba hiyo lilifunguliwa mjini Chicago, Marekani, mwaka wa 1973. Kwa kawaida, mkataba mmoja huwakilisha hisa 100.

Katika biashara ya jozi, mwekezaji huuza opsheni moja na kununua nyingine papo hapo ili kuweka kikomo cha hasara. Kikomo hicho, wala si faida inayotarajiwa, ndicho kipimo cha kuamulia idadi ya mikataba.

Chukua mfano wa mtaji wa dola 10,000. Mwekezaji auza opsheni ya kuuza hisa kwa dola 50, anunua ya dola 45, na kubaki na dola 1.50 kwa kila hisa. Hasara ya juu zaidi ni dola 3.50 mara 100, yaani dola 350, kabla ya ada za wakala. Iwapo amejiwekea kiwango cha asilimia 2, sawa na dola 200, basi idadi inayofaa ni sifuri. Atafute jozi yenye pengo dogo au asubiri.

Ukali huu una sababu. Hasara tano mfululizo za asilimia 2 humwachia takriban dola 9,039. Za asilimia 20 humwachia dola 3,277, na sharti azidishe fedha hizo zaidi ya mara tatu ili kurejea alipoanza.

Aidha, jozi tano za hisa za benki zihesabiwe kuwa tegemeo moja, kwa maana huenda zikaanguka pamoja.