Laptopu Ikidedi Leo Utabaki na Nini? Hivi Ndivyo Unapiga Bakapu

Kabla uendelee kuskroli, jiulize swali moja. Hiyo laptopu iko kwa keja, ikikataa kuwaka kesho asubuhi, ni nini itapotea nayo?

Sisemi bei ya laptopu. Laptopu unaeza tafuta ingine, hata kama ni ya mtumba pale Luthuli Avenue. Nasema vitu za ndani. Projekti ya mwaka wa nne ambayo umebakisha chapta moja. Biti umepika miaka tatu ukingoja msanii mmoja akuamini. Picha za harusi ya mteja ambaye ashalipa diposti. Ile video ya dakika mbili ya shosh akikuombea kabla uingie chuo, na shosh hayuko tena. Hiyo hakuna duka inauza.

Na laptopu hudedi, buda. Mtu anakalia begi yako kwa mat. Chai inamwagikia kibodi. Stima inapotea halafu inarudi na hasira. Ama wezi wanaingia keja ukiwa job, wanabeba laptopu pamoja na hadi diski iliyokuwa hapo kando yake. Swali si kama itatokea. Swali ni itakupata umejipanga aje.

Bakapu ni nini, na nini si bakapu

Bakapu ni nakala ingine ya faili zako, na inakaa mahali tofauti na ile ya kwanza. Ukikosa moja kati ya hizo mbili, hauna bakapu.

Kama umehamisha picha zote kutoka laptopu ukazipeleka kwa hadi diski ndio upate nafasi, bado uko na nakala moja tu. Imehama nyumba, basi. Hiyo hadi diski ikianguka sakafuni, hadithi imeisha.

Kama umenakili folda kutoka diski C ukaiweka diski D kwa laptopu hiyo hiyo, pia hujafanya kitu. Kwa laptopu nyingi, C na D ni diski moja tu iliyogawanywa mara mbili. Ikiharibika, zote zinaenda pamoja.

Toy Story 2 nusra iishie hewani

Usidhani hii ni shida ya wasee wa mtaa pekee. Mwaka wa 1998, Pixar wakiwa katikati ya kutengeneza Toy Story 2, mtu alipiga amri ya kufuta mahali hapakufaa. Wahusika wa filamu wakaanza kupotea kwa mashine wasee wakiangalia. Wakakimbilia bakapu. Kumbe bakapu zenyewe zilikuwa na shida kwa muda, na hakuna mtu alikuwa amecheki.

Aliyewaokoa ni Galyn Susman, mmoja wa wakubwa wa upande wa ufundi. Alikuwa amejifungua mtoto na alikuwa anafanyia kazi nyumbani, kwa hivyo kompyuta yake ya nyumbani ilikuwa na nakala ya filamu. Waliifuata, wakaifunga na blanketi, wakaileta na gari polepole. Filamu ikatoka 1999.

Shika mambo mawili hapo. Nakala iliyookoa kazi ilikuwa kwa nyumba ingine. Na bakapu ambayo hujawahi kuijaribu haihesabiki.

Kanuni ya 3-2-1

Kanuni hii ilipata jina kupitia mpiga picha anaitwa Peter Krogh, na bado ndio rahisi kushika:

- 3: Kuwa na nakala tatu za kila faili ya maana. Ile unatumia, na zingine mbili.
- 2: Ziweke kwa vyombo viwili tofauti. Kwa mfano laptopu na hadi diski ya nje.
- 1: Moja ikae mbali na unapoishi. Inaeza kuwa mtandaoni, ama kwa diski umeachia mathe ushago.

Moto, mafuriko na wezi hawachagui chombo. Wakija kwa keja wanamaliza kila kitu. Ndio maana hiyo moja ya mwisho ni ya lazima.

Anza na zile haziwezi kurudi

Huhitaji kunakili kompyuta nzima. Filamu ulizotoa kwa intaneti utazipata tena. Windows yenyewe inaeza kuwekwa upya, na programu pia. Gawa vitu zako hivi:

Ya kwanza ni zile hakuna mtu mwingine duniani ako nazo: picha za familia, rekodi za sauti, kazi umeandika, biti na vokali, kazi za wateja. Ya pili ni zile zinaeza kupatikana lakini na stresi: skani za cheti cha kuzaliwa, KCSE, kitambulisho, kandarasi. Ya tatu ni zile zingine zote, na hizo zinaeza kungoja.

Weka kundi la kwanza na la pili kwa folda moja kubwa, uipe jina unaelewa. Wasee wengi hupoteza faili kwa sababu zimetawanyika: zingine kwa deskitopu, zingine kwa folda ya vitu zilizopakuliwa, zingine ndani ya WhatsApp. Huwezi kulinda kitu hujui kiko wapi.

Hadi diski ya nje

Hii ndio njia ya haraka na haili bando. Nunua diski yenye nafasi angalau mara mbili ya vitu unataka kuhifadhi, ndio ikuwe na mahali pa kuweka matoleo ya zamani.

Kwa Windows, kuna kitu inaitwa File History. Chomeka diski, tafuta jina hilo ndani ya Control Panel, halafu uiwashe. Kutoka hapo, bora diski iko ndani, itakuwa inanakili kila saa faili zimebadilika kwa folda zako za kawaida kama Documents, Pictures na Desktop. Uzuri ni kwamba inaweka matoleo ya zamani. Ukifuta ukurasa mzima wa projekti Jumanne na ugundue Ijumaa, unaeza rudi nyuma. Hakikisha tu ile folda yako kubwa iko ndani ya mojawapo ya hizo, la sivyo itarukwa.

Kwa Mac, tumia Time Machine. Inaweka nakala za kila saa za masaa 24 yaliyopita, za kila siku za mwezi uliopita, na za kila wiki kwa zile za zamani zaidi. Diski ikijaa, inafuta za kale kwanza.

Kama wewe ni msee wa Linux, jaribu Déjà Dup. Ni rahisi na ni ya bure.

Sasa cheki hizi rada:

Usiache diski ikiwa imechomekwa siku nzima. Kuna virusi vya kufunga faili na kuitisha fidia, kama WannaCry ya Mei 2017 iliyoingia kwa nchi zaidi ya 150. Virusi vya aina hiyo vikipata diski imeunganishwa, vinaifunga pia. Piga bakapu, toa diski, weka mbali.

Flashi ikikataa faili kubwa, labda imepangwa kwa mtindo wa FAT32, ambao haubebi faili inayofika GB 4. Ipange upya kwa exFAT. Lakini toa vitu zilizo ndani kwanza, maana kupanga upya kunafuta kila kitu.

Flashi ya TB 2 kwa bei ya chipo na soseji ni feki, mtu wangu. Imedanganywa ionyeshe nafasi haina. Utaijaza ukidhani uko sawa, kumbe faili zinaandikwa juu ya zingine. Ijaribu na programu ya bure inaitwa H2testw kabla uiamini na chochote.

Na flashi isikuwe bakapu yako ya pekee. Ni ndogo, inapotea, na ukiichomeka kwa saiba tatu inarudi na virusi.

Wingu

Hapa unatuma nakala kwa kompyuta za kampuni ingine kupitia intaneti. Google Drive inakupa GB 15 za bure, lakini unazigawana na Gmail na Google Photos. OneDrive inakupa GB 5, Dropbox GB 2. Kwa projekti, vyeti na picha chache, hiyo inatosha kabisa.

Kwa prodyusa na wapiga video, fanya hesabu kwanza. GB 100 kwa laini inayopandisha megabiti 5 kwa sekunde zitachukua karibu masaa 44 bila kusimama. Kwa hivyo tumia waifai, acha ipande usiku, na wingu liwe la faili zilizokamilika. Zile ghafi ziweke kwa diski mbili.

Kuna mtego hapa huangusha wengi. Folda ya wingu inayofanana na ya laptopu kila wakati inafuata kila unachofanya. Ukifuta kwa laptopu, inafuta na huko juu. Kwa Google Drive, kilichofutwa kinakaa kwa pipa la taka siku 30, halafu kinaenda kabisa. Ndio maana bado unahitaji diski.

Na usiachie kampuni moja kila kitu. Mwaka wa 2019 Myspace walikiri kwamba muziki uliopandishwa huko kutoka 2003 hadi 2015 ulipotea wakati wa kuhamisha seva. Nyimbo zaidi ya milioni 50. Msanii ambaye nakala yake ya pekee ilikuwa huko alibaki na kumbukumbu tu. Google nao wanaeza futa akaunti ya kibinafsi ambayo haijatumika kwa miaka miwili, kwa hivyo ingia mara moja moja.

Weka paswadi kali na uwashe uthibitisho wa hatua mbili. Kama diski yako ina siri ama data za wateja, ifunge kwa BitLocker ama VeraCrypt. Ukisahau paswadi yake, hata wewe mwenyewe unaeza kufungiwa nje, kwa hivyo iandike mahali salama nje ya laptopu.

Jaribu kurudisha

Mara moja kwa mwezi, chagua faili tatu kutoka kwa bakapu, zifungue kwa kompyuta ingine. Picha ifunguke, wimbo ucheze mpaka mwisho, dokumenti isomeke. Ni dakika tano tu. Ikikataa, heri ujue leo kuliko siku ya kuwasilisha.

Na kama maji yashamwagika?

Umefuta kitu na huna bakapu? Wacha kutumia hiyo diski mara moja. Kila kitu kipya unaandika kinaeza kukalia mahali pa kile kilichofutwa. Kwa diski za zamani, programu za kurudisha faili mara nyingi hufaulu. Kwa SSD nafasi ni ndogo, maana huwa inajisafisha yenyewe.

Diski ikianza kulia kwa-kwa-kwa, izime. Usiigonge, usiifungue, na usiiwashe mara kumi ukiomba. Tafuta fundi anayejua kutoa data, na umwambie kabisa asifomati kabla mkubaliane.

Usiku wa leo

Usingoje kununua diski. Chukua ile faili ingekuliza ukiipoteza. Moja tu. Iweke kwa Google Drive, halafu uitumie sista ama bro kwa simu yake. Hapo tayari uko na nakala tatu, na moja iko mbali na keja. Diski utanunua mwisho wa mwezi doh ikiingia.

Kama hiyo faili ni video ya shosh, ichezee kidogo kabla uitume. Sikiza kama sauti bado iko sawa.